Safu ya Mbele Iliyohama

Mshambuliaji wa timu ya Kisiwa cha Mafia akiondoka, wenzake wanajua alikopita: boti ya Kilindoni hadi Nyamisati, kisha basi la Dar. Wa benchi huvaa jezi yake na mechi inaendelea. Katika mpira wa magongo wa Afrika Mashariki waliondoka wengi kwa mkupuo, wa benchi wakiwemo.

Mchezo huo ulilelewa na Waasia, hasa Wagoa na Masingasinga. Nairobi ilikuwa na Sikh Union na klabu za Wagoa, na chini yake shule kama Dr. Ribeiro, ambako mtoto alishika gongo mapema. Enzi hizo timu ilipanga washambuliaji watano: mawinga wawili, wawili wa ndani na mmoja wa kati. Watano hao hawapikwi kambini kwa wiki mbili. Winga humwaga pasi bila kuinua kichwa, kwa kuwa amemzoea mwenzake tangu shuleni. Mmoja wa washambuliaji wa Kenya wa enzi hizo, Hilary Fernandes, alicheza Olimpiki za 1960, 1964 na 1968. Tokyo 1964, Kenya ilimaliza ya sita.

Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, wakiwemo Waasia wengi. Machi 1968 Uingereza nayo ikawabania Waasia wenye pasipoti zake, baada ya familia nyingi kukimbilia kuuwahi mlango. Hazikuondoka na mastaa peke yao. Ziliondoka pia na vijana wa timu ya pili na watoto wa shule, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililouma zaidi.

Pengo halikuonekana mara moja. Nahodha Avtar Singh Sohal, beki, alibaki, na Kenya ikawa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971. Mwaka uliofuata, kwenye Olimpiki ya Munich, ikawa ya 13. Sidai kwamba uhamaji pekee ndio uliosababisha, ila benchi halikuwa lile la zamani.

Uganda mambo yalienda kasi zaidi. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Siku hizo zikiendelea kuhesabika, kikosi cha Uganda chenye Waasia wengi kilitoka sare ya 1–1 Munich na Ujerumani Magharibi, waliotwaa dhahabu. Uganda haijarudi tena kwenye magongo ya Olimpiki.

Zamu yetu Watanzania ilikuja kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, mataifa mengi yalipogoma, Kenya ikiwemo. Kikosi chetu kiliwachanganya Waasia kama Mendes na Virdee na Waafrika kama Sykes na Toto. India ilitufunga 18–0. Katika mechi tano za hatua ya awali tulifungwa mabao 54, tukafunga matatu: mawili dhidi ya wenyeji, Wasovieti, na moja dhidi ya Poland. Hadi leo hiyo ndiyo Olimpiki pekee ambayo Tanzania imecheza magongo.