Kamera Mbele ya Nanga: Watunzi wa Kagera na Filamu za Makala

Novemba 1962, BBC ilirusha filamu ya Ken Russell kuhusu Edward Elgar, mtunzi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1934. Mwanzoni anaonekana mvulana juu ya farasi mdogo mweupe, akikatiza vilima vya Malvern huku muziki wa mtunzi huyo ukivuma. Waigizaji hawasemi neno. Anayesikika ni msimulizi, na nyuma yake okestra. Filamu hiyo iliweka kiolezo kinachofuatwa mpaka leo: utoto, mandhari, barua, hati za muziki, kisha kifo. Phil Grabsky, aliyetoa filamu kuhusu Mozart mwaka 2006 na kuhusu Beethoven mwaka 2009, aliwaongezea watazamaji wanamuziki wakubwa wanaoipiga kazi yenyewe, lakini bado simulizi yake imesimama juu ya barua.

Makala hii inadai kwamba kiolezo hicho hakiwezi kuhamishiwa Kagera kama kilivyo. Sababu si ukosefu wa watunzi. Watunzi wapo, ila ushahidi wa maisha yao haumo makabatini, umo vidoleni, masikioni na katika kanda za sauti. Mtengenezaji wa filamu anayekuja kutafuta makaratasi peke yake ataondoka akiamini kwamba hapakuwa na mtu.

Rubya, wilayani Muleba, ni mahali pazuri pa kulipima dai hili. Hapo, katika nchi iliyokuwa himaya ya Ihangiro, Mapadri Weupe walifungua seminari mwaka 1904. Miezi michache kabla, Novemba 22, 1903, Papa Pius X alikuwa ametoa waraka wake kuhusu muziki mtakatifu, uliouweka wimbo wa Kigregori juu ya muziki mwingine wote wa ibada. Mfumo wa masomo ulikuwa wa Kilatini, na muziki wake ulikwenda nao. Waliopita katika seminari hiyo ni pamoja na Laurean Rugambwa, aliyefanywa Kardinali mwaka 1960, na hata mapadri wa kwanza wa Rwanda, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, waliopewa daraja mwaka 1917.

Nje ya uzio wa misheni kulikuwa na shule nyingine isiyokuwa na madawati. Katika nyumba za wafalme wa Kihaya, manju walipiga nanga na kuimba tendi za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Nanga, au enanga kwa Kihaya, ni ubao uliochongwa na kuachwa na uwazi kama kihori. Uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenye pengo la ncha moja, ukavutwa hadi ncha ya pili, ukarudishwa tena, mpaka nyuzi saba au nane zikae sambamba. Mtu akitazama kwa karibu ataona jambo ambalo barua haiwezi kumwambia: nyuzi zote ni uzi mmoja, na kuukaza mkondo mmoja ni kuugusa na ule wa jirani. Manju hukaa, ubao mapajani, akaanza kuwinda sauti kabla hajatamka neno. Hapo utunzi umekwisha kuanza, na hakuna karatasi.

Mwaka 1963 unastahili sura yake katika filamu yoyote ya aina hii. Mwaka huo Tanganyika ilifuta utawala wa machifu kwa sheria, na manju akapoteza baraza la mfalme lililomlisha na kumpa hadhira. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Na Desemba 4, 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipitisha hati ya liturujia iliyoagiza kwamba mapokeo ya muziki ya mataifa ya misheni yapewe heshima na nafasi katika ibada. Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukafunguliwa. Mwaka uliofuata, Paulo VI alipowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, oratorio ya Joseph Kyagambiddwa wa Uganda kuhusu mashahidi hao ilisikika Roma.

Tangu hapo mtunzi wa Kanisa ana karatasi yake. Mwanakwaya yeyote anaijua: jina la wimbo katikati, jina la mtunzi kwenye kona ya kulia, sauti nne zikishuka kutoka soprano hadi besi, na kingo zilizofifia kwa sababu nakala imetolewa kwenye nakala. Karatasi hiyo ni hati ya historia sawasawa na hati za Elgar. Inaonyesha nani aliandika na kwa sauti zipi. Pengine ina alama za kalamu za mwalimu wa kwaya aliyepunguza ubeti ili misa isichelewe. Mtengenezaji wa filamu anapaswa kuisoma, kisha amtafute huyo mwalimu.

Kwa manju kazi ni ngumu zaidi, ingawa njia imekwisha kuonyeshwa. M. M. Mulokozi alizichunguza tendi za nanga kwa undani katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986, na jina la manju Habibu Selemani limeingia katika taaluma kwa sababu watafiti walimsikiliza wakiwa na kinasa sauti. Peter Seitel naye aliandika juu ya fasihi simulizi ya Wahaya. Msingi wa utafiti upo. Kilichobaki ni kuugeuza kuwa picha ambayo mkulima wa Kamachumu anaweza kuitazama akamtambua jirani yake.

Zanzibar imetangulia. Filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 kuhusu Bi Kidude ilimfuata mwimbaji ambaye mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani kwa hakika. Badala ya kuliona pengo hilo kuwa kasoro, ililigeuza kuwa sehemu ya hadithi, na jina la filamu lenyewe linataja kisasili pamoja na maisha. Ron Mulvihill alikwenda mbali zaidi: katika filamu yake kuhusu Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa mwaka 1905, mhusika mkuu si mtu mmoja bali klabu nzima. Uamuzi huo una uzito wa kinadharia. Unakubali kwamba utunzi unaweza kuwa wa jumuiya bila kupoteza ubora wake.

Asiyekubali hilo huishia pabaya. Missa Luba, misa ya kuimbwa iliyorekodiwa mwaka 1958 na wanakwaya wa Kamina, Katanga, inajulikana duniani kwa jina la Padre Guido Haazen kutoka Ubelgiji. Haazen aliwaongoza vijana wale na kuipanga kazi. Lakini sehemu kubwa ya sauti zile ilibuniwa na waimbaji wenyewe papo hapo, juu ya nyimbo za kwao. Majina yao hayajulikani kama lake. Kamera inayotafuta mtunzi mmoja tu itamwona Haazen na kuwapita wao.

Pingamizi moja ni la haki. Mtu atasema utendi wa nanga ni mrefu mno, na mtazamaji wa televisheni hatavumilia. Jibu limetolewa na Ulaya yenyewe. Mwaka 1968 Jean-Marie Straub na Danièle Huillet walitoa filamu kuhusu Bach, iliyo mpakani mwa maigizo na makala, ambamo Gustav Leonhardt anapiga muziki kwa vipande virefu, kamera ikisogea kwa nadra tu, sauti ikinaswa palepale. Mtazamaji anapewa muda wa kuona kazi ikifanyika. Mbinu hiyo inafaa zaidi kwa nanga kuliko farasi mweupe wa Malvern, kwa sababu kukata utendi katikati ni kumkata manju ulimi, na pamoja naye hadhira inayomwitikia.

Kwa hiyo filamu ya kwanza ya Ihangiro inahitaji mambo matatu: utendi mmoja uliorekodiwa mwanzo hadi mwisho kwa Kihaya, tafsiri ya Kiswahili iliyoandikwa chini ya picha na mtu anayejua lugha zote mbili, na mkataba unaomtambua manju kuwa mtunzi na mwenye haki, si mhojiwa tu. Nakala moja ibaki Rubya, ambako vijana wanasoma muziki wa kuandikwa. Kamera iwekwe chini, usawa wa mapaja ya mpigaji, ili mkono wa kushoto na wa kulia ionekane pamoja juu ya uzi uleule.