Pishi na Jasho: Ujira wa Wachumaji Karafuu Pemba

Ujira wa kuchuma karafuu Pemba kwa muda mrefu umehesabiwa kwa pishi, si kwa siku wala kwa mwezi. Mchumaji hupanda mkarafuu na kikapu chake, huvuta matawi kwa kingoe na kuangua mashada. Jioni huja kazi ya kuchambua, ambayo mara nyingi hufanywa na wanawake na watoto. Shada husukumwa juu ya kiganja, karafuu zikadondoka kwenye jamvi na makonyo yakabaki mkononi. Hapo ndipo pishi hutolewa na hesabu ikaanza.

Pishi moja ni vibaba vinne. Kwa kuwa ni kipimo cha ujazo, kina mlango wa dhuluma. Pishi ya mfuto, iliyosawazishwa mdomoni, si sawa na pishi iliyojazwa mpaka ikafanya kilele. Mwajiri anayedai kilele kwa bei ya mfuto huwa amekwisha kumpunja mchumaji kabla hajafungua mkoba, ingawa kila pishi iliyohesabiwa imelipwa. Ndiyo maana wachumaji hukaa karibu na kipimo na kukikodolea macho.

Kabla ya 1897 kazi hii iliwaangukia zaidi watumwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo chimbuko kuu la karafuu za Zanzibar. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Aliyetaka uhuru alilazimika kuuomba, na akishaupata alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Aliyekaa katika ardhi ya mtu alipaswa kuilipia.

Pemba amri hiyo ilisimamiwa na Mwingereza J. P. Farler, aliyekuwa kasisi. Walioachwa huru wengi walibaki kwenye mashamba yale yale kwa mapatano: siku kadhaa za kazi kwa wiki, na badala yake kibanda na kipande cha kulima muhogo. Mapatano haya yalikuwa na kasoro kubwa. Malipo yenyewe yalikuwa ardhi, na ardhi ilikuwa mkononi mwa mwajiri. Akivunja ahadi, mfanyakazi hakuwa na fedha ya kudai mbele ya hakimu. Alikuwa na muhogo uliokuwa bado haujakomaa. Karibu na Chake Chake, huko Banani, wamisionari wa madhehebu ya Marafiki kutoka Uingereza walianzisha shamba la kazi huru, ambako watu walioachwa huru walifanya kazi kwa malipo.

Katika uchumaji mambo yalikuwa tofauti, na sababu ni mkarafuu wenyewe. Karafuu ni ua ambalo bado halijachanua. Likichanua, thamani yake hushuka, na likiachwa zaidi huwa mpeta. Tajiri mwenye shamba lililoiva hana wiki mbili za kubishana. Wachumaji waliojua kuwa jirani analipa vizuri zaidi, au analipa jioni ile ile, walihama, na kila msimu mkubwa ulipofika bei ya pishi ilipanda. Kulipwa jioni kuliafikiana pia na fundisho la Kiislamu, linalofahamika kwa kila mtu kisiwani, kwamba mtu alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kazi ya kupalilia haikuwa na nguvu hiyo: magugu hayachanui yakapoteza bei, na mpaliliaji angeweza kupigwa danadana mwezi mzima.

Si kila aliyechelewesha malipo alikusudia kudhulumu. Wenye mashamba wengi walikuwa na madeni, mazao yao yamewekwa rehani kwa wafanyabiashara tangu maua hayajatokeza, na fedha taslimu hawakuwa nazo. Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa 1927, kilijishughulisha pia na mikopo ya gharama za mavuno. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitaifisha mashamba na kugawa eka tatu tatu, na waliokuwa vibarua wakawa wenye mikarafuu. Lakini uchumaji ulibaki kazi ya mikono mingi, na wenye eka tatu nao wakawa waajiri.

Leo ajira Zanzibar si jambo la Muungano. Inaongozwa na Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya mwaka huo huo, na anayenyimwa ujira anaweza kupeleka lalamiko kwenye usuluhishi, na shauri likishindikana, Mahkama ya Kazi. Mchumaji wa msimu kwa kawaida hufika huko bila karatasi ya mkataba. Alicho nacho ni hesabu ya pishi zake na watu waliochambua naye jamvi moja, wakaona kipimo kilivyojazwa.