Mipira Minne ya Breki: Historia Fupi ya Spea Mwanza

Mwezi uliopita niliingia katika duka moja kubwa la spea hapa Mwanza nikitafuta mipira minne ya silinda za breki za mbele za Land Rover ya mwaka 1978. Duka lenyewe ni la kupendeza. Sakafu ni ya vigae, taa ni nyeupe, rafu zimepangwa kwa namba, na kijana aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa na kompyuta mbele yake. Alinipa shikamoo, kisha akaniuliza aina ya gari na namba ya chesi. Nilipomtajia, akaandika, akasubiri, akaandika tena. Hatimaye akanitazama kwa huruma.

“Mzee, mfumo hauitambui hii gari. Ungekuwa na IST au Noah, ningekupa sasa hivi.”

Sikumlaumu. Rafu alizosimamia zilijaa pedi za breki, chujio za mafuta, bushi na shokomzoba za magari ya Japani yaliyotengenezwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Duka huweka kinachonunuliwa. Hata hivyo nilitoka pale nikiwa na swali ambalo mtu wa fani ya historia hawezi kuliacha njiani: mipira hii minne, ambayo yote kwa pamoja inaenea kiganjani, ilikuwa ikipatikana wapi zamani, na njia iliyoileta hapa ilikatika lini?

Gari hilo marehemu baba alilinunua katika mnada wa magari ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpaka leo ndilo linalompeleka mama yangu hospitali wakati wa masika, pale barabara ya kijijini inapogeuka tope ambalo magari madogo hayaingii. Kwa hiyo ndugu msomaji asidhani kwamba nazungumzia mapenzi ya vitu vya kale. Nazungumzia breki za gari ambalo mama yangu hulipanda.

Hoja yangu ni hii: rafu ya duka la spea ni waraka wa historia. Inaeleza nani aliamua tununue nini, kutoka wapi, na kwa muda gani. Na kwa upande wa Mwanza, waraka huo una sura tatu.

Sura ya kwanza ni ya reli na ziwa. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, lakini hata baada ya hapo mji huu uliendelea kuutazama upande wa kaskazini, ng'ambo ya maji. Kisumu ndiko kulikokuwa na karakana ya meli na reli ya kwenda Nairobi na Mombasa. Tangu mwaka 1948 shughuli hizo zilikuwa chini ya shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Mfano bora wa mfumo huo ni meli ya Victoria. Iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Mombasa na kwa reli hadi Kisumu, ikaunganishwa upya huko na kuanza kazi mwaka 1961. Meli nzima ilifika ziwani ikiwa spea!

Magari yalifuata mantiki ileile. Malori ya Bedford yaliyobeba pamba ya Usukumani na Land Rover za maofisa yalikuwa ya Kiingereza, na ugavi wa vipuri vyake ulifuata mkondo wa biashara ya kikoloni: kiwanda Uingereza, wakala mkuu katika miji mikubwa, kisha muuza duka wa Mwanza. Mkondo huo ulikuwa wa kinyonyaji, kwani faida yake na maarifa yake vilibaki ng'ambo. Lakini ulikuwa mkondo unaofahamika. Gari na spea yake vilisafiri kwa njia moja.

Sura ya pili inaanza mwaka 1977. Mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na kabla ya mwaka kwisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katika vitabu vyetu tukio hilo huelezwa kama ugomvi wa viongozi na mgawanyo wa mali. Kwa Mwanza lilikuwa pia kukatwa kwa mshipa. Karakana kuu ya reli ilibaki Nairobi na karakana ya meli ikabaki Kisumu, ilhali meli ya Victoria ilibaki kwetu.

Mara baada ya hapo likaja jingine. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua malori na mabasi ya raia kwenda mstari wa mbele, na mengi yalirudi yakiwa hoi. Bei ya mafuta ikapanda duniani. Fedha za kigeni zikawa haba, na kila aliyetaka kuagiza kitu nje alihitaji leseni na mgawo wa fedha hizo. Hapo ndipo magari ya serikali yalipoanza kupandishwa juu ya mawe katika yadi za wilaya, moja likifunguliwa ili matatu yatembee.

Lakini uhaba ule ulizaa shule. Mafundi walijifunza kuchonga. Mwanza tayari ilikuwa na kumbukumbu ya kazi hiyo: jina la Makoroboi, pale katikati ya mji penye miamba, limetokana na watu waliokuwa wakigeuza makopo kuwa taa za koroboi. Serikali nayo ilikuwa imeunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973. Huko Kibaha kulikuwa na kiwanda cha kuunganisha malori ya Scania, na mradi wa Nyumbu ukajaribu kuunda lori la Kitanzania. Moshi kukajengwa kiwanda cha zana za mashine. Mengi ya hayo hayakufika yalikokusudiwa, na sina nia ya kuyapamba. Nataka tu tukumbuke kwamba swali lililoulizwa wakati ule lilikuwa swali sahihi: ikiwa tutaendesha mashine, nani atatengeneza sehemu zake?

Sura ya tatu ilifunguliwa na bajeti ya mwaka 1984, iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Mwaka 1986 Serikali ya Mzee Mwinyi ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na milango ikafunguka zaidi. Baadaye yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani. Sababu zake si fumbo. Japani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto, hivyo usukani uko mahali pake. Tena ukaguzi wa lazima wa magari nchini humo ni wa gharama, na mwenye gari la zamani huona afadhali aliuze. Gari ambalo Mjapani ameona linamtia hasara huanza maisha mapya Nyakato na Igoma.

Sitaki kuwa mnafiki. Magari hayo yamewapa usafiri walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo ambao katika miaka ya baba yangu wasingeota kuwa na gari. Spea zake ni rahisi kupatikana kwa sababu yako mengi na yanafanana. Ila neema hii ina upana mdogo. Zamani spea ilikosekana kwa sababu taifa halikuwa na fedha za kigeni. Leo inakosekana kwa sababu wateja wake ni wachache. Uhaba wa kwanza uligawanywa kwa wote, nao ukawa suala la siasa. Uhaba wa pili humpata mmoja mmoja, kwa hiyo hausikiki. Mwenye trekta kuukuu, mwenye mashine ya kusaga ya zamani na zahanati yenye jenereta ambayo aina yake haitengenezwi tena, kila mmoja hudhani tatizo ni lake peke yake.

Angalia pia namna serikali zetu zinavyoushughulikia uzee wa magari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15. Sisi tumechagua kutoza ushuru wa ziada, ule ambao wananchi huuita “uchakavu”. Kila sera ina sababu zake za usalama na mazingira. Lakini zote hulitazama gari siku moja tu, siku linapoingia. Siku ya elfu nne, pale litakapohitaji mpira wa breki, haimo ndani ya hesabu.

Nilipotoka dukani nilikwenda Nyakato kwa fundi mmoja mzee anayekereza vyuma. Alilitazama gari, akafungua kisanduku chake na kutoa spana za inchi, zikiwa zimefungwa kwa kitambaa. Vijana wake walizishangaa. Wao wamekulia katika namba 10, 12, 14 na 17, yaani milimita, ilhali nati za Land Rover hiyo ni za nusu inchi na za tisa kwa kumi na sita. Hata nyuzi za bolti ni tofauti. Ukilazimisha bolti ya Toyota humo, itaingia mizunguko miwili kisha itaharibu tundu.

“Daktari,” akaniambia, “silinda hii imeliwa na kutu, lakini naweza kuitoboa na kuivisha bomba jipya la shaba. Chuma hakinishindi. Mpira ndio siwezi. Huu lazima uvumilie mafuta ya breki na joto, na hapa hakuna anayeutengeneza. Nikikuwekea wa kubahatisha, nitakuwa nimekuua.”

Nimeyatafakari sana maneno hayo. Sisi wasomi tuna tabia ya kuwasifu mafundi wa mitaani kwa ubunifu wao, kana kwamba ubunifu unaweza kuziba pengo la viwanda. Fundi huyu anaujua mpaka wa mikono yake kuliko tunavyoujua sisi. Kuchonga chuma kunahitaji ustadi na kerezo. Kutengeneza mpira wa breki kunahitaji kemia, vipimo na maabara. Kiwanda chetu cha matairi kule Arusha, ambacho kingeweza kuwa shule ya maarifa ya mpira, kilisimama. Kiwanda kinapokufa, kinachopotea si ajira peke yake. Hupotea pia watu wanaojua kwa nini mpira huu hudumu na ule huyeyuka.

Je, basi cha zamani kiachwe kife? Jibu lipo bandarini hapahapa Mwanza. Meli ya Victoria ilisimama kufanya kazi mwaka 2014, na wengi tuliiona ikiwa imetia nanga tukadhani imefikia mwisho. Mwaka 2020, baada ya ukarabati mkubwa uliofanywa na wahandisi kutoka Korea Kusini, ilirudi kwenye njia ya Bukoba. Chombo cha mwaka 1961 kilipata tena sehemu zake kwa sababu taifa liliamua kwamba kinahitajika na likalipa. Uzee wa mashine, kumbe, si hukumu ya maumbile. Ni uamuzi wa watu.

Kwa hiyo nina neno kwa makundi matatu ya wasomaji wangu. Ndugu zangu watumishi wa umma, mnapoandaa zabuni ya magari, pampu au jenereta, msiishie kwenye bei ya kununulia. Ulizeni spea zitapatikana kwa miaka mingapi, na michoro yake itakuwa mikononi mwa nani. Wanaharakati, ipo hoja ya haki ya kukarabati ambayo kwetu haijasikika vya kutosha. Katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wapigakura waliidhinisha mwaka 2012 sheria inayowataka watengenezaji wa magari kuzipa gereji huru taarifa za matengenezo. Magari ya leo yamejaa kompyuta, na yatakapozeeka, tatizo halitakuwa mpira bali programu ambayo fundi wa Nyakato hana ruhusa ya kuifungua. Na ninyi wanafunzi wangu, acheni kuniletea kila mwaka tasnifu ileile kuhusu Azimio la Arusha. Nendeni gereji. Mzee mwenye spana za inchi ni hifadhi ya nyaraka, na hana mwanafunzi.

Mipira ilipatikana. Rafiki yangu mmoja aliyeko Nairobi aliikuta katika kiduka kidogo kinachohudumia magari ya watalii na wakulima, akaituma kwa basi kupitia Sirari. Nilikwenda kuipokea alfajiri stendi, imefungwa ndani ya bahasha. Fundi aliifunga siku hiyohiyo, akamwagia mafuta mapya, akanitaka nikanyage pedeli huku yeye akitoa hewa. Breki zikashika.

Nikirudi nyumbani niliwaza kwamba bahasha ile ilikuwa imeshuka kutoka kaskazini kama spea za enzi ya reli na ziwa. Miaka zaidi ya 60 ya uhuru, na mpira wa ukubwa wa sarafu bado unatujia kutoka upande uleule. Mama hakuyajua hayo. Aliuliza kama gari limepona, nikamwambia limepona. Sikumwambia kwamba fundi amenionya nianze mapema kutafuta mipira ya nyuma.