Mstaarabu wa Nduruma

Tuna neno "utamaduni", lakini mtu wa kusifiwa hatumwiti "mtamaduni". Tunamwita mstaarabu. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu: la kwanza ni jamaa ya madina, yaani mji, la pili limebeba Uarabu wenyewe tumboni. Kwa mizani hiyo mkulima wa Nduruma, chini ya Mlima Meru, angekosa yote: si wa mjini, wala si Mwarabu.

Sasa nenda mferejini. Maji ya Mto Nduruma yanagombewa na wakulima wa juu, wa chini na mashamba makubwa, na kiangazi hayatoshi. Ndipo pana zamu, kamati za mifereji na kazi ya pamoja ya kuzoa matope. Huo ni utamaduni, ingawa tangu Nyerere aunde Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, wengi wakilisikia neno hilo huwaza ngoma tu. Anayejifungulia maji usiku, nje ya zamu yake, anao utamaduni uleule wa jirani zake. Ustaarabu ndio hana, hata awe na digrii mbili.