Nukushi Iliyotoka Kwenye Kompyuta: Ugomvi wa Modemu Uliosahaulika

Ifikapo tarehe 31 Januari 2027 Uingereza itauzima mtandao wake wa zamani wa simu za waya. Tarehe ya awali ilikuwa Desemba 2025, ikasogezwa mbele baada ya watu kuwahofia wazee na wagonjwa wanaotegemea vifaa vya kuitia msaada vilivyounganishwa na waya huo. Mashine ya nukushi imetajwa pembeni tu katika mjadala huo, na mara nyingi kwa kejeli. Kejeli haikuanza leo. Mwaka 2018 hospitali za umma za England zilipohesabiwa kuwa na karibu mashine 9,000 za nukushi, magazeti ya huko yalizigeuza kichekesho, na Waziri wa Afya Matt Hancock akapiga marufuku ununuzi wa mashine mpya kuanzia Januari 2019.

Kejeli hiyo inaiumiza historia, kwa sababu inaichukua mashine ile yenye mkono wa simu na karatasi laini inayojikunja na kuifanya ndiyo nukushi yote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya nukushi za ofisi kubwa hazikupita kwenye mashine hiyo. Zilitoka kwenye kompyuta ya mfanyakazi, zikapitia mtandao wa ofisi hadi kwenye kompyuta moja yenye modemu, kisha zikaingia kwenye laini ya simu. Aliyepokea upande wa pili alipata karatasi yake kama kawaida, bila kujua kwamba aliyemwandikia hakushika karatasi hata kidogo. Habari za kazi hiyo nimezitafuta hasa katika nyaraka za programu zilizoifanya na katika maelezo ya viwango vya modemu, na humo ndimo nilimokutana na ugomvi unaostahili kusimuliwa.

Hatua za mwanzo zinajulikana. Mskoti Alexander Bain, fundi saa, alipata hataza ya kifaa cha kunakili maandishi kwa umeme mwaka 1843. Padri Mwitaliano Giovanni Caselli aliufanya unakili wa aina hiyo kuwa huduma ya kulipia kati ya Paris na Lyon mwaka 1865. Xerox ilitoa mashine ya kukaa mezani mwaka 1966, ikimaliza ukurasa kwa takribani dakika sita. Mwaka 1980 kamati ya kimataifa ya simu na telegrafu ilipitisha kiwango cha Kundi la 3, na hapo ukurasa ukaanza kwenda kwa chini ya dakika moja.

Kiwango hicho ndicho kilichofungua mlango kwa kompyuta. Kinasema kila mstari wa ukurasa una nukta 1,728, nyeusi au nyeupe, na kwamba nukta hizo hubanwa kwa hesabu maalumu kabla ya kutumwa. Huo ni mfuatano wa tarakimu, na tarakimu ndiyo kazi ya kompyuta. Mwaka 1985 kampuni ya GammaLink ya California, iliyoanzishwa na Hank Magnuski, ilitoa GammaFax, kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta binafsi ili iongee lugha ya nukushi. Kompyuta za NeXT za Steve Jobs nazo zikaweka kitufe cha nukushi palepale kwenye kidirisha cha kuchapisha: badala ya kuchagua printa, unachagua namba ya simu.

Kazi iliyonivutia zaidi, hata hivyo, ilifanywa na Sam Leffler katika kampuni ya Silicon Graphics, Mountain View, California. Leffler hakuwa mgeni. Alikuwa miongoni mwa walioijenga Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, akapitia Lucasfilm na Pixar, na ndiye aliyeandika maktaba ya programu ya kusoma na kuandika picha za TIFF ambayo inatumika hadi leo. Silicon Graphics iliuza kompyuta za gharama kubwa kwa wahandisi na watengeneza filamu, kompyuta zilizozaliwa zikiwa tayari kuunganishwa katika mtandao. Kuwanunulia watu wote hao modemu na laini za simu, kila mmoja na yake, lilikuwa jambo lisilowezekana. Programu aliyoiandika, iliyoitwa FlexFAX, iliifanya modemu moja kuwa mali ya ofisi nzima.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mfanyakazi anatoa amri kwenye kompyuta yake, akitaja faili na namba ya kupiga. Faili linasafiri mtandaoni hadi kwenye seva, yaani ile kompyuta yenye modemu. Seva inaligeuza kuwa picha ya nukta nyeusi na nyeupe, inaipanga kwenye foleni, inapiga simu, na laini ikiwa na shughuli inajaribu tena baadaye. Barua isiyo ya haraka inaweza kuambiwa isubiri usiku, simu zinapokuwa rahisi. Mambo yakikamilika au yakishindikana, mtumaji anapata barua pepe. Kupokea kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu nukushi haina mahali pa kuandika jina la mtu. Inajua namba ya simu tu. Hivyo ukurasa uliopokewa uliwekwa kwenye sanduku la seva, kisha taarifa ikaenda kwa mtu mmoja aliyeteuliwa, mwenye cheo cha FaxMaster, ambaye aliufungua, akasoma unamhusu nani na kuupeleka. Kazi ya karani wa masjala haikufutwa na kompyuta. Ilihamia kwenye skrini.

Hakimiliki iliyoandikwa juu ya mafaili ya programu hiyo inaanza na mwaka 1990 kwa jina la Leffler mwenyewe, na 1991 kwa jina la Silicon Graphics. Chini yake kuna ruhusa: chukua, badilisha, gawa, hata uza, bila malipo. Miaka hiyohiyo kampuni ya Delrina ya Toronto ilikuwa inatengeneza fedha nyingi kwa WinFax, programu ya nukushi ya kompyuta binafsi, hadi kampuni ya Symantec ikainunua mwaka 1995 kwa zaidi ya dola milioni 400. Leffler alikuwa na kitu cha thamani mkononi, naye akakiweka hadharani. Sijui kwa nini jina lake halitajwi pamoja na wakarimu wakubwa wa fani hii.

Sasa ugomvi. Modemu ya nukushi inapoongea na mashine ya mbali hufuata itifaki yenye adabu kali ya muda. Baada ya salamu za mwendo wa polepole, kabla ya kuanza mlio wa kasi unaobeba ukurasa, pawe na kimya cha milisekunde 75, na ruhusa ya kupungua au kuzidi ni milisekunde 20 tu. Nani asimamie kimya hicho, kompyuta au modemu? Kamati ya viwango ya Marekani ilitoa jibu la kwanza mwaka 1990: modemu itoe na kusikiliza milio tu, kompyuta ifanye mengine yote. Hilo likaitwa Daraja la 1. Watengenezaji wengi hawakupendezwa. Walisema kompyuta yenye watumiaji wengi inaweza kushughulika na jambo lingine katika sehemu hiyo ndogo ya sekunde, simu ikakatika. Wao walitaka Daraja la 2, ambamo modemu yenyewe inajua itifaki na kompyuta inaikabidhi kurasa basi.

Hoja yao ilikuwa na uzito. Kilichoharibu ni haraka. Rasimu ya Daraja la 2 iliandaliwa mwaka huohuo wa 1990 na kupelekwa kwenye kura, na kura ya kwanza haikupita. Viwanda havikusubiri. Vilichukua rasimu ambayo haijakubaliwa, vikaichoma ndani ya vipande vya silikoni, na kuuza mamilioni ya modemu zenye maandishi ya Daraja la 2 kwenye boksi. Kamati iliendelea kubishana na kurekebisha. Kiwango kamili, namba 592, kilipotoka mwaka 1993, kilikuwa kimetofautiana na rasimu kiasi kwamba kilihitaji jina lake: Daraja la 2.0. Ndiyo maana mnunuzi wa miaka ile alikuta dukani Daraja la 2 na Daraja la 2.0, akadhani ni kitu kimoja. Ni vitu viwili visivyoelewana.

Tena hata waliofuata rasimu ileile hawakuifuata sawasawa. Ilihitajika herufi moja ya kuiambia modemu kwamba kompyuta iko tayari kupokea ukurasa. Modemu moja ilitaka herufi hii, nyingine ikataka ile, na ukikosea, modemu na kompyuta hungojana mpaka simu inakatika. Nyingine zilileta biti za ukurasa zikiwa zimegeuzwa mwisho kuwa mwanzo, na barua ya wakili ikatokea kama changarawe. Nyaraka za programu ya Leffler zinaonyesha gharama ya vurugu hiyo kwa uwazi wa kusikitisha. Zina folda nzima ya mafaili ya mipangilio, kila moja kwa aina yake ya modemu, na kila faili ni kumbukumbu ya usumbufu ambao kiwanda fulani kiliwaachia wengine. Watu waliozirekebisha kasoro hizo walifanya hivyo bila mshahara, wakitumiana marekebisho kutoka nchi mbalimbali. Nasema wazi kwamba makosa yalikuwa ya viwanda, na waliolipa ni watumiaji.

Jina la FlexFAX lenyewe halikudumu, kwa kuwa lilikuwa alama ya biashara ya wengine. Programu ikaitwa HylaFAX, kutokana na Hyla, jina la kisayansi la jamii ya vyura wa mitini, na chura akawa nembo yake.

Uwezo wa kompyuta kutuma nukushi ulikuwa na upande mbaya, na ni haki kuutaja. Kompyuta inayoweza kutuma barua moja kwa amri moja inaweza kutuma tangazo moja kwa maelfu ya namba, huku karatasi na wino vikiwa vya anayepokea. Marekani ilitunga sheria dhidi ya matangazo ya nukushi yasiyoombwa mwaka 1991, ikaagiza pia kila nukushi ibebe tarehe, saa, jina na namba ya mtumaji. Mwaka 2002 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliipendekezea kampuni ya Fax.com faini ya dola milioni 5.4.

Leffler aliiacha programu mikononi mwa wengine. Silicon Graphics ilifilisika mwaka 2009, na majengo yaliyokuwa makao yake makuu sasa ni ya Google. Barua pepe ilichukua kazi nyingi za nukushi. Hapa kwetu barua za ofisi za serikali bado zinabeba mistari ya Simu, Nukushi na Barua pepe kwenye vichwa vyake, na haijulikani ni ngapi kati ya namba hizo za katikati bado zinapokelewa. Ofisi inayochapisha namba inapaswa kuisikiliza au kuifuta.

Na ugomvi ule wa madaraja? Ulimalizwa na wakati. Kompyuta zilipata kasi, zikaweza kutunza kimya cha milisekunde 75 bila shida, huku kasoro za modemu za Daraja la 2 zikibaki zimechomwa kwenye silikoni, hazirekebishiki. Lee Howard, anayeitunza HylaFAX+, tawi la programu ya Leffler, aliandika pia modemu isiyo na chuma wala plastiki: programu tupu inayotoa milio yote yenyewe na kuipitisha kwenye simu za intaneti. Inaipa kompyuta usimamizi wote wa itifaki, kama kamati ilivyopendekeza mwaka 1990, na upande wa kompyuta unapoiamrisha hutumia Daraja la 1.