Hofu ya maambukizi baada ya ngono isiyo salama: Saa 72 zisipite bure

Na Mwandishi Wetu

MTU aliyefanya ngono bila kondomu na mwenza ambaye haijui hali yake ya afya hubaki na maswali mawili: je, nimeambukizwa? Na nikapime lini?

Wapo wanaokimbilia kupima kesho yake, wakaambiwa hawana virusi na kurejea nyumbani wametulia bila sababu. Wengine husubiri waone dalili. Wote huwa wamekosea hesabu ya muda.

Saa 72 za kwanza

Hesabu ya kwanza ni ya saa. Zipo dawa za kinga zinazotolewa kwa mtu anayehofiwa kukutana na Virusi vya UKIMWI (VVU). Hutakiwa kuanza kumezwa mapema iwezekanavyo, si zaidi ya saa 72 baada ya tukio, kisha kila siku kwa siku 28. Muda huo ukipita, hazitegemewi tena.

Kwa mkazi wa Namtumbo, ndani ya saa hizo imo pia safari. Mji huo uko kilomita zipatazo 70 mashariki mwa Songea, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa, na viko vijiji vilivyo mbali na barabara kuu iendayo Tunduru. Inafaa kuanzia kituo cha karibu chenye kliniki ya tiba na matunzo, maarufu kama CTC, na kueleza bila kificho kilichotokea na saa kilipotokea. Mhusika hupimwa VVU kwanza, kwa kuwa dawa hizo ni za asiye na virusi. Kwa aliyebakwa, kuwahi ni muhimu zaidi.

Duka la dawa si mbadala wa kituo. Ruvuma ndiko yalikoanzia majaribio ya maduka ya dawa muhimu mwaka 2003, yakichukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Yamesogeza huduma kwa wananchi, lakini vidonge vya kuua bakteria havizuii VVU, na dozi ya kukisia huweza kuficha dalili za ugonjwa wa zinaa bila kuuponya.

Kipindi cha dirisha

Hesabu ya pili ni ya siku. Vipimo vya haraka hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya virusi. Kwa kawaida huonekana kati ya siku 23 na 90 baada ya maambukizi. Kabla ya hapo, aliyeambukizwa anaweza kuambiwa hana virusi huku tayari akiweza kuwaambukiza wengine.

Hivyo, kipimo cha siku ya kwanza huonyesha hali ya kabla ya tukio. Jibu la kutegemewa hupatikana baada ya miezi mitatu, na aliyetumia dawa za kinga hufuata ratiba ya mtoa huduma wake. Katika muda wote huo kondomu itumike.

Magonjwa mengine

Dalili za kisonono kwa mwanamume mara nyingi hutokea kati ya siku 2 na 7. Klamidia huweza kukaa kimya kabisa, hasa kwa wanawake. Kidonda cha kaswende hujitokeza kati ya siku 10 na 90, hakiumi, nacho hutoweka chenyewe huku ugonjwa ukiendelea mwilini. Yote matatu hutibika, na mwenza naye hutakiwa kutibiwa.

Kuyatibu ni kinga pia. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa palipoboreshwa tiba ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika miaka miwili, dhidi ya asilimia 1.9 kwingineko.

Siri ya majibu

Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inataka majibu yawe siri, na pia inamtaka aliyekutwa na VVU kumjulisha mwenza wake. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe na kushusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Anayejipima akaona dalili za maambukizi hana budi kwenda kituoni kuthibitisha, na akithibitika huanzishiwa dawa bila kusubiri kuugua.