Mjusi wa Mlimani na Kosa la "Damu Baridi"

Vitabu vingi vya shule bado vinawagawa wanyama katika mafungu mawili, wenye damu moto na wenye damu baridi. Mjusi huangukia fungu la pili pamoja na chura na samaki, na mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba mwili wa mjusi huifuata hewa tu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Fikra hiyo ina umri mrefu. Mwaka 1758, Carl Linnaeus alipochapisha toleo la kumi la orodha yake ya viumbe, aliwatia mijusi, nyoka na vyura katika kundi moja na kuwaeleza kuwa ni viumbe wa kuchukiza wenye miili ya baridi. Karibu karne mbili zikapita bila jina la damu baridi kutikiswa sana. Dai langu ni kwamba jina hilo linaficha kazi kubwa anayoifanya mnyama huyu kila siku, na kwamba ushahidi uliolibomoa kwa uzito zaidi ulitoka milimani, mahali ambapo mtu angetarajia lisimame imara kuliko popote.

Ufa wa kwanza, hata hivyo, ulitokea jangwani. Raymond Cowles, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Natal, Afrika Kusini, na kufundisha Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alishirikiana na Charles Bogert wa Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani mjini New York. Mwaka 1944 wakatoa utafiti wao juu ya mahitaji ya joto ya reptilia wa jangwani. Mbinu yenyewe haikuwa na mbwembwe: mnyama hukamatwa, kisha hupimwa papo hapo kwa kipimajoto chembamba kabla mwili wake haujabadilika. Waliona kwamba kila spishi ina kiwango chake cha joto inapokuwa katika shughuli zake, na kwamba hukilinda kwa kwenda juani na kurudi kivulini. Tena, mjusi aliyezuiwa juani asiweze kukifikia kivuli alikufa upesi. Wengi walidhani mjusi hashibi jua. Kumbe jua kwake ni kama moto wa jikoni, ambao anayeweza kusogea na kurudi nyuma hufaidika nao na aliyefungwa kando yake huungua.

Lakini jangwa ni shahidi dhaifu. Ardhi yake ina moto, hewa yake ina moto, na mjusi mwenye joto mahali pa joto hawezi kuthibitisha mengi. Panapotakiwa ni mahali ambapo joto la hewa na joto la mwili vinaweza kuachana kabisa, na mahali hapo ni mlimani. Kwenye mwinuko wa mita 4,000, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani. Hewa nyepesi hivyo haishiki joto, ndiyo maana kivulini mtu hutetemeka. Vilevile haiizuii miale sana, ndiyo maana hatua mbili pembeni, juani, ngozi yake inababuka. Usiku joto hutoroka kwenda angani na nyasi huamka zimevaa sakitu. Katika mwaka uleule wa 1944 mwanasayansi wa Kisovieti, Strelnikov, alikwishaandika juu ya umuhimu wa miale ya jua kwa reptilia wa milima mirefu. Utafiti uliovuma zaidi ni wa Oliver Pearson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliochapisha mwaka 1954 kuhusu mijusi wa jenasi ya Liolaemus kusini mwa Peru, juu ya mita 4,000. Miili yao ilifika takriban nyuzi 31 za Sentigredi huku hewa ikiwa karibu na sifuri. Tofauti ya nyuzi 30 hivi, kwa mnyama asiye na manyoya wala mafuta ya kujikinga! Kama huyo ana damu baridi, basi maneno hayo hayana maana tena.

Siri yake imo katika kuchagua mahali. Asubuhi mjusi wa Peru hutoka shimoni akiwa mzito, baridi imemkaza viungo kiasi kwamba hawezi kukimbia. Halali juu ya udongo mtupu wala mwamba, kwa sababu saa hiyo ardhi bado ni baridi na ingemnyonya kila joto analolipata. Hujikokota hadi kwenye zulia la mimea iliyoshikamana, ambalo humtenga na ardhi kama mkeka unavyomtenga mtu na sakafu ya saruji, kisha huujaza mgongo wake jua. Rangi yake iliyokoza kuelekea weusi hunasa miale, na udogo wa mwili humfanya apate moto upesi. Wingu likikatiza, udogo uleule unageuka hasara, naye anapoa haraka. Kwa hiyo shimo, zulia la mimea na jiwe lililopashwa na jua la mchana ni vitu vitatu vya saa tatu tofauti, na mjusi anayekosa kimoja amekosa sehemu ya siku. Hata uzazi wake umeingia katika hesabu hii. Mijusi hawa huzaa watoto badala ya kutaga. Yai lililofukiwa mlimani lingebaki na baridi ya udongo, ilhali mama anayeota jua huwaotesha pia vijusi walio tumboni.

Pingamizi kali zaidi lilikuja mwaka 1964, na lililetwa na makopo ya bia. Mtafiti James Heath aliyajaza maji, akayaweka juani, akayapima kama wenzake walivyokuwa wakiwapima mijusi. Joto la makopo likafanana sana na lile lililokuwa likitajwa kuwa ushahidi wa mijusi kujiratibu joto la mwili. Je, kopo nalo linajiratibu? Kejeli hiyo ilistahili, kwani kipimajoto peke yake hakisemi kama joto limetafutwa au limekuja lenyewe. Ilibidi kwanza ijulikane mjusi angekuwa na joto gani kama angekaa popote bila kuchagua. Jibu likapatikana polepole. Watafiti wakaunda mijusi ya shaba, mitupu ndani, yenye umbo na rangi ya mnyama, wakaitawanya juani, kivulini, chini ya mawe na ndani ya nyasi. Mwaka 1993 Paul Hertz, Raymond Huey na Robert Stevenson wakaweka kanuni ya kulinganisha vitu vitatu: joto ambalo mnyama hulipendelea akiwa maabara, joto linalopatikana mahali anapoishi, na joto lililomo mwilini mwake kweli. Anayejiratibu huwa karibu na analolipenda kuliko anavyoonyesha mjusi wa shaba aliyetupwa ovyo. Kwa mizani hiyo, ushahidi wa mlimani unapata uzito wake. Huko shaba iliyoachwa kivulini hubaki na baridi ya hewa, na iliyoachwa juani adhuhuri, mahali pasipo upepo, huweza kupita kiasi. Kopo la bia hukaa lilipowekwa, na halijui kuhama.

Wapo watakaosema kwamba kama kujiratibu kuna faida hivyo, kila mjusi angefanya hivyo kila siku. Sivyo, na Huey alikwishaonyesha sababu mwaka 1974 huko Puerto Rico. Mijusi wa spishi ileile waliokuwa mahali pa wazi waliota jua, na wale wa msituni, ambako doa la jua liko mbali, waliliacha joto la mwili lifuate la msitu. Safari ya kulitafuta jua hula muda na nguvu na humfunua mnyama kwa adui. Kujiratibu, basi, ni biashara yenye gharama, na mwenye akili huacha biashara inapokosa faida. Milima yetu ya Afrika Mashariki inalionyesha hilo vizuri, kwa kuwa ukungu hufunika jua mara kwa mara. Mwaka 1982 Hebrard, Reilly na Guppy walichapisha, katika jarida la historia asilia la Afrika Mashariki, utafiti juu ya mipaka ambayo baridi ya Nyandarua inawawekea kinyonga wa Höhnel na mjusi mmoja mwenye magamba laini. Kinyonga hulala kitawini, wazi, na usiku mwili wake hushuka pamoja na hewa. Asubuhi hujipaka rangi nyeusi ubavuni na kuuelekeza juani. Mwaka 1993 Walton na Bennett waliandika kuhusu vinyonga wa Kenya na namna rangi yao inavyobadilika kwa kadiri ya joto. Lakini kinyonga anaweza pia kula akiwa bado baridi. Anderson na Deban waligundua mwaka 2010, kwa kumchunguza kinyonga wa Yemen, kwamba joto likipungua kwa nyuzi 10 kasi na nguvu za kurusha ulimi hupungua kwa asilimia 10 hadi 19 tu, wakati kuurudisha kunadhoofika kwa zaidi ya asilimia 42. Ulimi hurushwa kwa mnyumbuko uliokwisha kuwekewa akiba, kama manati, na baridi haiwezi kuinyang'anya manati nguvu yake. Kwa hiyo kuna njia mbili za kuishi mlimani, kuliwinda joto na kuivumilia baridi, na mnyama mmoja anaweza kutumia zote mbili.

Hapo huzuka hoja ya watu wa matumaini: mjusi anayejua kuchagua mahali atayamudu mabadiliko ya tabianchi. Bogert mwenyewe aliona mwaka 1949 kuwa mijusi wa jamaa moja wanaoishi katika hali tofauti za hewa huwa na joto la mwili linalokaribiana, maana tabia huwakinga. Kinga hiyo ina mwisho. Barry Sinervo na wenzake waliripoti mwaka 2010 juu ya spishi 48 za mijusi wa jenasi ya Sceloporus katika maeneo 200 ya Mexico: asilimia 12 ya makundi yaliyokuwapo mwaka 1975 yalikuwa yametoweka. Maelezo waliyoyatoa hayakuwa ya mijusi kuchomwa na jua. Walisema wanyama hao walijificha kivulini saa nyingi mno wakati wa kuzaa, wakakosa saa za kutafuta chakula. Na mjusi wa milimani hana pa kupanda akifika kileleni.

Ndiyo maana ninawapinga wanaopima hifadhi ya mlima kwa mwinuko wake na eneo lake peke yake. Mjusi ambaye Thomas Barbour alimpa jina mwaka 1914 kutoka Mlima Kenya, ambaye leo huitwa Adolfus alleni, hujificha ndani ya mashungi ya nyasi za juu. Moto ukipita, ramani ya hifadhi haibadiliki, ila mashungi yameondoka, na pamoja nayo mahali pa kujificha sakitu ikishuka. Ramani haioni jiwe wala shungi.

Na kwa atakayeuliza wanaweza kufika wapi wakipata mahali panapowafaa: mwaka 2021 watafiti wa Peru waliripoti mjusi wa Liolaemus kwenye mlima Chachani, karibu na Arequipa, kwenye mita 5,400. Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, kina mita 5,199.